Uzito wa Bunduki Isiyoshikika

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikichonga silaha na magari ya kijeshi kwa ajili ya gemu za wachezaji wengi, usiku, baada ya kazi inayonilisha. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi na vijana, na wakati mwingine na wazazi wao. Mifano mingi nimeitoa katika modi ya Project Reality, shule iliyowafunza wengi wetu.

Modi ni kitu gani hasa?

Ni mabadiliko ambayo wachezaji wenyewe wanayafanya juu ya gemu iliyokwisha kuuzwa. Mwaka 2005 studio ya DICE ya Sweden ilitoa Battlefield 2. Mwaka huohuo watu wa kujitolea wakatoa toleo la kwanza la Project Reality: injini ileile, lakini bunduki, vifaru, ramani na kanuni za ushindi vikaanza kubadilishwa kimoja baada ya kingine. Mwaka 2015 ikaacha kuitegemea gemu mama, na ni ya bure. Baadhi ya watengenezaji wake ndio walioanzisha Squad, gemu ya kuuzwa iliyokamilika mwaka 2020.

Je, bunduki huwa halisi kwa sababu ya sura yake?

Sura ndiyo sehemu rahisi. Mchongaji mwenye picha nzuri na subira ya wiki chache atakupa M16 yenye kila skrubu yake. Ugumu uko katika kuamua bunduki hiyo itamnyima nini mchezaji.

Katika Battlefield 2 ya kawaida unaweza kukimbia, ukaruka na kufyatua kwa mkupuo mmoja. Project Reality waliiondoa ile alama ya kulengea iliyo katikati ya skrini, kisha wakaweka jambo lililowaudhi wengi: ukitoka mbioni, risasi zako zinatawanyika mpaka utulie kwa sekunde kadhaa. Anayehema hana shabaha. Kwa kanuni hiyo moja mchezo mzima ukabadilika, kwa sababu askari aliyelala chini akingoja sasa anamzidi anayekimbia, na anayekimbia anahitaji mwenzake wa kumfunika kwa risasi.

Kuna pia safari ya risasi yenyewe. Risasi ya M16 hutoka kwa kasi ya zaidi ya mita 900 kwa sekunde, ya AKM takriban mita 715. Kufika mita 300, ya kwanza imeshuka kama sentimita 70 chini ya mstari wa mtutu, ya pili zaidi ya mita moja. Zote mbili zinaipita sauti, kwa hiyo aliyekoswa husikia mlio mkali wa risasi ikipita kabla ya mshindo wa bunduki iliyoipiga. Modi ikiipata sauti hiyo sawasawa, mchezaji anainama bila kuambiwa.

Na vifaru?

Hapa ndipo ninapoipenda zaidi kazi hii. Katika gemu mama, mtu mmoja aliendesha kifaru na kupiga mzinga kwa wakati mmoja. Kifaru cha kweli hakiko hivyo: Abrams ya Marekani ina watu wanne, T-72 ya Kirusi ina watatu, kwa sababu mtambo ndio unaopakia makombora yake ya milimita 125. Project Reality walitenganisha kiti cha dereva na cha mpiga mzinga, na wakadai uwe umechukua vifaa vya wanavifaru kwanza. Ukihama kiti, mzinga haukutii papo hapo. Peke yako una chuma cha tani zaidi ya 40 kisicho na faida.

Nakumbuka usiku mmoja nikiwa mpiga mzinga, dereva wangu akiwa kijana Mswahili mwenzangu. Nilimwona adui upande wa kulia, nikaita, “Saa tatu!” kama nilivyozoea kusikia kwa wachezaji wa Kizungu. Yeye alifikiri saa zetu, ambapo saa tatu mshale uko kwenye tisa, akageuza kifaru kushoto. Tukampa adui mgongo, na mgongoni mwa kifaru ndiko deraya iliko nyembamba. Roketi moja ilitosha. Tangu siku hiyo tunasema kulia, kushoto, mbele na nyuma.

Vipimo mnavitoa wapi?

Vitabu, makumbusho, miongozo iliyokwisha kuruhusiwa, na video za maonyesho ya kijeshi. Mpaka uko wazi, na kuuvuka ni kosa zito. Mwaka 2021 mchezaji wa gemu ya War Thunder, akibishana kwamba kifaru cha Challenger 2 kimechongwa vibaya, aliweka hadharani kurasa za mwongozo wa siri wa jeshi la Uingereza. Watengenezaji walizikataa, na walifanya vema. Hakuna usahihi wa gemu unaostahili kumhatarisha askari aliye hai.

Ni lazima kupata ruhusa ya kutumia majina ya silaha?

Sheria hazifanani kila nchi. Mwaka 2012 EA, wauzaji wa Battlefield, na wenye kampuni ya Bell inayounda helikopta walifikishana mahakamani Marekani juu ya ndege zake tatu zilizoonekana katika Battlefield 3. Wanaotaka kuuza kazi yao wamwone mwanasheria.

Nitajuaje video ya vita niliyotumiwa WhatsApp si gemu?

Swali hili naomba kila mzazi alisome. Video za gemu ya Arma 3 zimesambazwa mara nyingi kama picha za vita vya kweli, na Novemba 2022 watengenezaji wake, Bohemia Interactive, walitoa tamko kuhusu hilo. Modi huongeza vifaru na ndege za jeshi lolote, ndiyo maana udanganyifu unafana. Tazama kama video imefifishwa makusudi, ni ya usiku, kamera inatikisika na sauti haipo. Tazama watu hasa: mashine tunazichonga vizuri, lakini mwendo wa binadamu bado unatushinda. Usipoona mtu hata mmoja akitembea, usiisambaze.

Nataka kutengeneza. Nianze na bunduki gani?

Usianze na bunduki. Pakua Blender, programu ya kuchongea, ni ya bure, uchonge dumu la maji la lita 20. Likiisha, lijaze: sasa lina kilo 20. Mbebaji wake anakimbiaje? Anapanda ngazi vipi? Akilitua, anachukua muda gani kabla mkono haujatulia? Andika majibu hayo katika faili la gemu, mpe rafiki alibebe, umwangalie anavyolalamika.