Yale Niliyofunzwa na Matope ya Gazi

Nimefundisha walimu tarajali wa biolojia kwa miaka mingi katika chuo kimoja cha Pwani ya Kenya. Kila mwaka tunakwenda Gazi, Kwale, kutazama mikoko, na kila mwaka nimerudi na jambo ambalo sikwenda nalo.

1. Uliza jina kwanza

Safari ya kwanza niliwagawia wanafunzi karatasi ya majina ya Kilatini. Mzee mmoja, fundi wa mashua, alitutazama tukipekua majani, akauliza, "Mwalimu, wanao unawafunza nini?" Nikamjibu kwamba tunasoma mikoko. Akanyoosha mkono: "Mchu ni huu. Ule mkandaa. Huu muia, ule ndio mkoko. Kule maji yanakoanzia ni mlilana." Kenya ina aina tisa za miti hii, naye alitaja tano bila kukwama. Sisi tuliotoka chuoni tulikuwa tumeuita msitu mzima kwa jina la mti mmoja! Tena alizitaja kwa mpangilio wa zinavyoota, kutoka nchi kavu hadi baharini, na huo ndio mchoro niliokuwa nikiuchora ubaoni kwa saa nzima.

2. Kazi ya mti ni mlango wa somo

Hili ndilo lililobadilisha ufundishaji wangu. Mlilana huchomoza mizizi juu ya matope, na wavuvi wamezoea kuikata na kuitumia kama maboya ya nyavu. Mwanafunzi mmoja akamuuliza yule mzee kwa nini haizami. "Ina pumzi ndani," akajibu. Tulirudi maabara na kipande kimoja, tukakikata chembamba, tukakiweka chini ya hadubini. Tishu yake ilikuwa imejaa nafasi za hewa. Mzizi uliozikwa katika tope lisilo na oksijeni hupata hewa kupitia huo uliochomoza juu, na hewa hiyohiyo ndiyo huufanya wavu uelee. Sijawahi kuona darasa likinyamaza vile. Tangu siku hiyo siwaruhusu wanafunzi wangu kuandika andalio la somo la upumuaji wa mimea kabla hawajazungumza na mtu anayeutumia mmea wenyewe.

3. Soko nalo lina vipimo

Fito, pau, mazio, boriti, nguzo: wakataji huipanga miti hivyo kwa unene, kuanzia mwembamba. Tulipopima vipenyo kwa utepe, tuligundua kwamba tunayapanga upya makundi yaliyokuwapo. Hata upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Lamu umefuata urefu wa boriti zinazobeba dari.

4. Mila pekee haitoshi

Nilipitiliza upande wa pili, nikaanza kufundisha kana kwamba kila desturi huhifadhi msitu. Si kweli. Kwa vizazi vingi boriti zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni, na Kenya ikapiga marufuku biashara hiyo ya nje mwaka 1982. Maarifa ya kutumia yanahitaji pia makubaliano ya kuacha. Wanakijiji wa Gazi na wa Makongeni jirani wameyapata kupitia Mikoko Pamoja, mradi ulioanza mwaka 2013 kwenye hekta 117, ambao mapato yake ya kaboni yamelipia maji na mahitaji ya shule.

5. Omba ruhusa

Mwaka mmoja niliwaachia wanafunzi waandike dawa za mitishamba za mama mmoja na kuzibandika ukutani chuoni. Alipojua aliniambia kwa upole, "Mwanangu, hukuniuliza." Nilizibandua siku hiyohiyo. Aibu ile ningali nayo, na sasa ombi la ruhusa hupata alama zake katika mtihani wa vitendo.

6. Usiwafanye wote Wapwani

Wengi wa wanafunzi wangu hutoka bara na hawatafundisha karibu na bahari. Mmoja, binti wa Murang'a, alikaa kimya Gazi nzima. Alipokwenda mazoezini kwao aliwapeleka wanafunzi wake chini ya mti wa mugumo ambao wazee hawaruhusu ukatwe, akapasua tunda moja na kuwaonyesha vinyigu wadogo ndani, wale wanaouchavusha. Kisha akamwita bibi wa mwanafunzi mmoja aeleze kwa nini hapo hapaokotwi hata kuni. Nilikuwa nimekwenda kumkagua. Nilifunga daftari, nikaketi nyasini pamoja na watoto.