Insha ya Mjadala: Je, Kinga Kali Dhidi ya Uharamia Huongeza Mauzo ya Michezo ya Kompyuta?

Mtahiniwa, insha ya mjadala hukutaka upime pande mbili za suala moja kabla ya kutoa msimamo wako. Wengi hupoteza alama kwa kuandika upande wanaoupenda tu, au kwa kujibu swali ambalo hawakuulizwa. Soma swali lifuatalo, kisha fuata hatua moja baada ya nyingine.

Swali

"Kinga kali dhidi ya uharamia huwasaidia watengenezaji wa michezo ya kompyuta kuuza zaidi." Jadili.

Hatua ya kwanza: Lielewe swali

Pigia mstari maneno makuu: kinga kali, uharamia, kuuza zaidi. Uharamia hapa ni kunakili au kupakua mchezo bila kuulipia. Kinga ni kufuli la kidijitali linalowekwa ndani ya mchezo ili nakala isiyolipiwa isifanye kazi. Kuna kinga zinazodai namba ya siri, zinazoweka kikomo cha kompyuta, na zinazomlazimu mchezaji awe kwenye intaneti muda wote.

Zingatia kwamba swali linahusu mauzo. Halikuulizi kama wizi ni mbaya. Ukijaza kurasa mbili kwa kulaani wezi, umetoka nje ya mada hata kama kila ulichoandika ni kweli.

Hatua ya pili: Hoja za kuunga mkono

(a) Uharamia ni mkubwa. Mchumia juani hulia kivulini, lakini watengenezaji wengi huchumia wengine. Mnamo Aprili 2013, kampuni ndogo ya Greenheart Games ilianza kuuza kwenye duka lake yenyewe la mtandaoni mchezo wa Game Dev Tycoon, ambamo mchezaji huendesha kampuni ya kutengeneza michezo. Wakati huohuo, kampuni yenyewe ilisambaza nakala ya mtego kwa maharamia. Siku ya kwanza, wachezaji 3,104 walitumia nakala ya mtego, na nakala 214 tu zilinunuliwa. Katika nakala ya mtego, kampuni ya mchezaji ilifilisishwa na uharamia. Baadhi ya waliopakua bure wakaanza kulalamika kwamba wanaibiwa!

(b) Kinga hulinda majuma ya kwanza. Mchezo mpya huuzwa zaidi unapotoka tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulichunguza michezo 86 iliyotumia kinga iitwayo Denuvo. Ulionyesha kwamba kinga ikivunjwa katika juma la kwanza, mapato hupungua kwa wastani wa takriban asilimia 20. Ikivunjwa baada ya majuma 12, hasara huwa ndogo mno.

Hatua ya tatu: Hoja za kupinga

(a) Mzigo humwangukia mnunuzi halali. Mwaka 2008 kampuni ya EA ilitoa mchezo wa Spore ukiwa na kinga iliyoruhusu kusajiliwa mara tatu tu. Wanunuzi waliokasirika waliushushia alama za chini kabisa kwenye duka la Amazon. Maharamia waliipata nakala iliyokwisha kuvunjwa kinga, nao hawakusumbuliwa na kikomo chochote. Kwa hesabu ya tovuti ya TorrentFreak, Spore ndio mchezo uliopakuliwa kiharamia kuliko yote mwaka huo.

(b) Kinga inaweza kuzuia hata aliyelipa. SimCity ya Machi 2013 haikuchezeka bila intaneti. Seva zilipolemewa, watu walibaki na mchezo walioulipia lakini hawakuweza kuucheza. Amazon ilisimamisha kwa muda uuzaji wa nakala za kupakua. Mwaka mmoja baadaye, kampuni iliruhusu mchezo huo uchezwe bila intaneti.

(c) Si kila nakala iliyoibwa ni mauzo yaliyopotea. Kijana asiye na fedha za kununua mchezo hatageuka mnunuzi kwa sababu tu kufuli limemshinda. Ripoti ya Umoja wa Ulaya iliyotolewa hadharani mwaka 2017 haikupata ushahidi thabiti kwamba uharamia hupunguza mauzo, isipokuwa kwa filamu mpya zinazovuma.

Hatua ya nne: Pima ushahidi wako

Hapa ndipo insha nzuri hutengana na insha ya kawaida. Usikubali mfano kwa sababu tu unaufurahia. Chukua The Witcher 3 ya mwaka 2015, iliyouzwa bila kufuli la aina hii. Kufikia mwaka 2023, watengenezaji walitangaza kwamba nakala zaidi ya milioni 50 zilikuwa zimeuzwa. Je, hilo linathibitisha kwamba kukosa kinga huongeza mauzo? La. Huenda watu waliununua kwa uzuri wake. Linathibitisha jambo dogo zaidi: mchezo unaweza kuuzwa sana bila kinga kali.

Vivyo hivyo, SimCity iliuza nakala zaidi ya milioni moja katika majuma mawili ya kwanza licha ya malalamiko. Hasira za wanunuzi si sawa na kushuka kwa mauzo.

Hatua ya tano: Toa msimamo

Msimamo usiwe "kila upande una ukweli wake" kisha kalamu chini. Sema lini kauli ni kweli na lini si kweli. Soma mfano huu wa aya ya mwisho:

*Kwa kuhitimisha, kinga husaidia mauzo kwa muda mfupi, hasa majuma ya kwanza, mradi haijavunjwa. Muda huo ukipita, faida yake hufifia huku usumbufu ukibaki kwa aliyelipa. Samaki mmoja akioza si haki kulitupa tenga zima. Kwa hiyo, naikubali kauli hii kwa kiasi: mtengenezaji aweke kinga isiyomtesa mnunuzi, na aiondoe mara tu kazi yake inapokwisha.*

Makosa ya kuepuka

1. Kutaja takwimu bila kueleza zinathibitisha nini.
2. Kurundika methali. Mbili au tatu zinazofaa zinatosha.
3. Kuleta hoja mpya katika hitimisho.
4. Kuchanganya hoja mbili katika aya moja.

Zoezi

1. Takwimu za Game Dev Tycoon zinaonyesha kwamba kampuni ilipoteza wanunuzi 3,104. Kosoa kauli hii kwa sentensi tatu.
2. "Bei nafuu huzuia uharamia kuliko kufuli." Jadili.