Kabla ya kununua mtumbwi mkuukuu mwaloni Nkome, Geita

Omba upinduliwe mchangani. Rangi mpya isikuzubaishe: chomeka ncha ya kisu kwenye mkuku na mataruma, hasa pale maji ya ndani hutuama. Kikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, ondoka. Mkuku uliooza maana yake ni kuunda chombo upya, na fundi atakutoza hivyo hivyo. Ubao wa ubavuni hubadilishwa bila taabu. Nyufa za maungio huzibwa kwa kalafati ya pamba (na pamba, Geita na Shinyanga, si kitu cha kuhangaikia). Misumari inayolia kutu ni sababu ya kushusha bei. Bei ya injini ijadiliwe peke yake, baada ya kuisikia ikiunguruma majini. Usajili waulize viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) wa hapo, pesa ikiwa bado mfukoni.