Kompyuta ya Sebuleni: Tubadili Mfumo Wake au Tungoje?

Kompyuta iliyounganishwa na televisheni sebuleni si sawa na kompyuta ya ofisini. Ile ya ofisini ina kazi nyingi: huyu huandikia barua, yule hupigia hesabu za mishahara, na mwingine huchorea ramani. Ya sebuleni ina kazi moja tu, nayo ni kuonyesha picha zinazotembea na kutoa sauti pasipo kukwama, mbele ya watu walioketi hatua tatu au nne kutoka kwenye kioo, wenye rimoti mkononi wala si kibodi. Watu hao hawana haja ya kujua kilichomo ndani ya sanduku. Wanataka deki.

Kwa sababu hiyo, inapotokea nafasi ya kubadili mfumo wa uendeshaji wa kompyuta ya namna hii, yaani ile programu kuu inayosimamia vifaa vyote na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi, haitoshi kuuliza kama mfumo mpya ni bora kuliko wa zamani. Aghalabu ni bora. Inatupasa kuuliza ni kazi zipi zimesimama juu ya mfumo wa zamani, na zipi zitaanguka pamoja nao. Katika makala haya nitalieleza jambo hilo kwa kisa kilichowapata watu wengi wa Marekani na Ulaya kati ya mwaka 2009 na 2020. Kwanza, lakini, hapana budi tuelewe kompyuta inafanya nini inapoonyesha filamu.

Tupige hesabu kidogo. Picha moja ya DVD katika mtindo wa PAL, mtindo uliotumika katika sehemu kubwa ya Ulaya na hapa Afrika Mashariki, ina nukta 720 kwa upana na 576 kwa kimo, yaani nukta 414,720. Ikiwa rangi ya kila nukta inaandikwa kwa biti 24, picha moja inahitaji biti 9,953,280. Kila sekunde zinapita picha 25, kwa hiyo sekunde moja ya filamu inadai biti 248,832,000. Sasa, sahani ya DVD ya tabaka moja ina nafasi ya baiti 4,700,000,000 hivi, sawa na biti 37,600,000,000. Mwanafunzi akigawanya atapata sekunde 151. Kwa hesabu hiyo DVD ingebeba dakika mbili na nusu tu za filamu bila sauti, hali sote tunajua kwamba hubeba filamu ya saa mbili.

Siri yake ni kwamba picha hizo zimefumbwa. Mtazame msomaji wa taarifa ya habari: ukuta ulio nyuma yake haubadiliki, meza haibadiliki, midomo na macho ndiyo yanayocheza. Hakuna sababu ya kuuandika ukuta ule ule mara 25 kila sekunde. Huandikwa picha nzima mara moja moja, na katikati yake huandikwa tofauti tu, pamoja na maelezo ya upande ambao kila kipande cha picha kimesogea. Tena, mambo madogo ambayo jicho la binadamu haliyatambui hutupwa. Kanuni zinazotumika katika DVD huitwa MPEG-2, na programu inayofumba na kufumbua picha kwa kufuata kanuni kama hizo huitwa kodeki.

Kufumbua ndiko kazi yenyewe ya kompyuta ya sebuleni. Kila picha lazima iwe tayari ndani ya milisekunde 40, muda mfupi kuliko ule wa jicho kufumba na kufumbua. Picha ikichelewa, mtazamaji huona kinachoitwa kukwama. Kazi hii yaweza kufanywa na prosesa kuu, au yaweza kukabidhiwa kadi ya picha iliyotengenezwa mahsusi kwa hesabu hizo. Kadi hiyo hutumia umeme kidogo na haipigi kelele. Lakini mfumo wa uendeshaji hauwezi kuiamrisha kadi bila ya programu ndogo ya kati ambayo mafundi huiita draiva. Mtengenezaji wa kadi asipotoa draiva kwa ajili ya mfumo mpya, kadi iliyokuwa ikifanya kazi barabara jana hukaa bure leo. Prosesa kuu huchukua mzigo wote, sanduku hupata moto, na feni huvuma mpaka watu wanashindwa kusikia mazungumzo ya filamu. Hakuna kilichoharibika, ila mkalimani ameondoka.

Sasa tukiendee kisa chenyewe. Mwaka 2002 kampuni ya Microsoft ilitoa toleo la Windows XP lililoitwa Media Center Edition. Ndani yake mlikuwa na programu yenye maandishi makubwa, ya kuongozwa kwa rimoti, iliyoweza kuonyesha matangazo ya televisheni, kuyarekodi, na kuorodhesha vipindi vya siku zijazo. Ilipofika Windows 7, mwaka 2009, programu hiyo, Windows Media Center, ilikuwa imekomaa, nayo ilipatikana katika matoleo yote ya mfumo huo isipokuwa yale ya bei ya chini kabisa. Wapenzi wa mambo haya walijijengea kompyuta ndogo zisizo na kelele, wakazitia kipokezi cha televisheni, wakaziweka chini ya kioo. Baba, mama na watoto wakazizoea kama wanavyozoea redio.

Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, haikuwa na uwezo wa kucheza DVD, na Media Center ilifanywa kifurushi cha pembeni ambacho, baada ya kipindi kifupi cha bure, kilikuwa cha kununuliwa. Wengi walikasirika, lakini sababu yake haikuwa ya kipuuzi. Kodeki ya MPEG-2, na ile ya sauti ya Dolby, zilikuwa zikilipiwa ada ya hataza kwa kila nakala, na kompyuta nyingi mpya hazikuwa tena na mlango wa kutia sahani. Kwa nini anayenunua kompyuta isiyo na mlango alipie kodeki ya sahani? Mhasibu akiniuliza, nitakubaliana naye. Lakini hesabu iliyo sahihi kwa kompyuta milioni mia yaweza kuwa si sahihi kwa moja iliyoko sebuleni kwako.

Tarehe 29 Julai 2015 ilitoka Windows 10, na kwa mwaka mmoja wenye Windows 7 na 8.1 waliruhusiwa kuichukua bure. Safari hii Media Center haikuuzwa pembeni. Iliondolewa kabisa, na aliyepandisha mfumo wake aliipoteza papo hapo. Hapa ndipo penye uzito, na ni vizuri tupatazame kwa utulivu, maana vitu viwili vilipotea na havikuwa sawa.

Cha kwanza ni DVD. Hasara hii ilikuwa ndogo. Programu huria ya VLC, inayopatikana bila malipo, ina kodeki zake yenyewe na hucheza DVD bila kutegemea kodeki za mfumo. Dakika kumi za kazi zilitosha.

Cha pili ni vipindi vilivyorekodiwa. Media Center ya Windows 7 iliviandika katika faili za aina ya WTV. Faili isiyofungwa iliweza kufunguliwa na programu nyingine au kugeuzwa kuwa ya aina inayosomeka popote. Lakini huko Marekani waliopokea matangazo kwa waya kutoka makampuni ya televisheni, kwa kadi maalumu ya kuthibitisha malipo, waliona jambo jingine. Kampuni iliweza kutia katika matangazo alama ya kunakili mara moja tu. Kipindi chenye alama hiyo kilifungwa kwa ufunguo uliohifadhiwa ndani ya mfumo wa kompyuta ile ile iliyokirekodi, na mwenye kukifungua alikuwa Media Center peke yake. Mtu aliweza kunakili faili hiyo kwenye diski kumi, na zote kumi zisichezeke popote. Alipobadili mfumo, ufunguo ulipotea. Faili zilibaki, zikijaza diski, na ukubwa wake haukupungua hata baiti moja.

Nawaomba walimu walisisitize jambo hili darasani, kwa maana wanafunzi wengi hudhani kwamba kuwa na nakala ya faili ni kuwa na kilichomo. Sivyo. Ili kipindi kionekane hapana budi ziwepo faili, kodeki ya kuifumbua, na pale penye kufuli, ufunguo. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki havisaidii.

Je, basi, waliobaki na Windows 7 ndio waliofaulu? Kwa muda, ndiyo. Mfumo huo uliendelea kupewa viraka vya usalama mpaka tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo mwaka 2015 hapakuwa na haraka yoyote. Kwa maoni yangu aliyekuwa na vipindi vilivyofungwa alikuwa na haki ya kungoja, hata kama mfumo mpya ulitolewa bure. Lakini kungoja kuna masharti. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizivamia kompyuta za nchi nyingi, zikiwamo za hospitali za Uingereza, na nyingi mno kati ya zilizoambukizwa zilikuwa za Windows 7. Hata hivyo kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka huo. Waliokuwa na mfumo wa zamani wenye viraka walisalimika. Walioangamia ni wale ambao hawakuutunza, au waliokuwa na mfumo wa zamani zaidi uliokwisha kuachwa.

Januari 2020 viraka vilikoma, na orodha ya vipindi iliyokuwa ikiletwa na Microsoft kwa njia ya mtandao ikakoma pia. Deki ikabaki na macho lakini bila kalenda. Anayengoja, kwa hiyo, na ajue tarehe ya mwisho wa kungoja kwake, na muda uliobaki autumie kutazama au kugeuza vile vinavyoweza kuokolewa.

Swali lile lile limerudi. Viraka vya kawaida vya Windows 10 vilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa watu binafsi waliojiandikisha muda ulisogezwa hadi Oktoba 2026. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0, pamoja na prosesa ambazo, kwa upande wa Intel, ni za kizazi cha nane na kuendelea isipokuwa chache. Kizazi hicho kilianza mwaka 2017. Kompyuta nyingi zilizotumika Ulaya na kuletwa kwetu kuuzwa kama mitumba ni za kabla ya hapo. Hizo hazipewi nafasi ya kuchagua Windows 11, ijapokuwa bado zaweza kufumbua picha za DVD bila ya kutoa jasho.

Ikiwa kompyuta ya ukumbi wa shule hucheza sahani tu na haijapata kuunganishwa na mtandao, mimi singeugusa mfumo wake. Ningepiga marufuku flashi ngeni, maana virusi havingoji mtandao, kisha ningeiacha iendelee na kazi. Ikiwa imeunganishwa na mtandao, haifai kubaki bila viraka, na hapo njia ya Linux inastahili kujaribiwa. Kodi, programu huria iliyozaliwa mwaka 2002 kwa ajili ya mashine ya michezo ya Xbox na kupewa jina lake la sasa mwaka 2014, huigeuza kompyuta kuwa deki ya kuongozwa kwa rimoti, nayo hufanya kazi juu ya Linux pasipo taabu. Ila mwenye kulipia huduma za filamu za mtandaoni ajue kwamba baadhi yake hupunguza ubora wa picha kwenye Linux, kwa sababu ya kufuli kama zile tulizokwisha kuzitaja.

Kabla ya kuamua, na ipite wiki moja ya kuandika kila kinachotazamwa katika kompyuta hiyo na nani anakitazama. Orodha hiyo hushangaza: mara nyingi kitu kinachotumika kila siku hakijulikani hata na fundi wa nyumba. Kisha pachikwe diski nyingine, mfumo mpya utiwe humo, na kila kilichoorodheshwa kijaribiwe. Diski ya zamani ikae kabatini ikiwa nzima. Watu wengi mwaka 2015 walitegemea ruhusa ya Windows 10 ya kurudi mfumo wa awali, iliyokuwa ya siku 30 na baadaye ikapunguzwa kuwa 10. Muda huo hautoshi kugundua kwamba harusi iliyorekodiwa miaka mitano iliyopita haifunguki.

Zoezi kwa wanafunzi. Kipindi cha televisheni chenye picha za nukta 1920 kwa 1080, biti 24 kwa nukta na picha 25 kwa sekunde, kimefumbwa hadi biti 8,000,000 kwa sekunde. Tafuta kimepunguzwa mara ngapi, na diski ya baiti 500,000,000,000 itabeba saa ngapi za vipindi vya namna hiyo. (Majibu: mara 155 na nusu hivi, saa 138 na ushei.) Kisha mjadiliane: diski hiyo imejaa, nusu ya vipindi vimefungwa kwa ufunguo wa mfumo utakaokoma kupewa viraka baada ya miezi sita, na bibi mwenye nyumba hataki kutazama chochote isipokuwa vipindi hivyo. Mtamshauri nini, na mtaanza na kipi?