Unyevu katika Banda la Gari: Utambue Chanzo Kabla ya Kuhifadhi Mazao

Nyumba nyingi za zamani katika kata zetu zina banda la gari lililojengwa peke yake uani. Mabanda mengi ya namna hiyo hayalazi gari tena; yamegeuzwa kuwa stoo ya mahindi, karanga, mbegu na vifaa vya kilimo. Banda lenye unyevu huozesha mbao na kutia kutu jembe na baiskeli, lakini hatari kubwa zaidi iko ndani ya gunia. Mahindi na karanga zenye unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutengeneza sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuingiza mavuno mapya, kila kaya inashauriwa kulichunguza banda lake.

Unyevu hutoka wapi?

Vyanzo ni vitatu. Cha kwanza ni mvua inayopenya kwenye matundu ya misumari ya bati, au inayodondoka kutoka paani na kurukia ukuta. Cha pili ni ardhi: maji hupanda kupitia sakafu na msingi, hasa pale ambapo jamvi lilimwagwa bila kutandikwa nailoni chini yake. Cha tatu ni hewa yenyewe: usiku bati hupoa, na mvuke uliomo ndani hugeuka matone yanayodondokea magunia.

Jaribio la nailoni

Kata kipande cha nailoni angavu chenye upana wa nusu mita kila upande. Kibandike juu ya sakafu kavu kwa gundi ya utepe, ukiziba kingo zote, kisha ukiache siku nzima. Ukikuta matone upande wa chini, maji yanatoka ardhini. Matone yakiwa upande wa juu, tatizo ni hewa isiyozunguka. Pande zote zikiwa kavu huku ukuta una madoa, kagua paa na mazingira ya nje.

Hatua za kuchukua

Anza nje, kwa kuwa huko ndiko gharama ni ndogo. Mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 18 huleta lita 360 za maji. Funga mfereji wa bati uyapeleke kwenye pipa au mtaro. Ondoa udongo na kifusi kilichoegemea ukuta, kisha sawazisha ardhi ili iteremke kuelekea mbali na banda.

Kwa hewa, acha matundu yenye wavu chini ya ukuta na mengine karibu na paa, katika kuta zinazotazamana. Fungua mlango mchana wa jua na uufunge wakati wa mvua.

Kwa sakafu inayopitisha maji, tandika nailoni nzito kisha mwaga tabaka jipya la zege juu yake. Asiye na uwezo huo kwa sasa aweke magunia juu ya chaga, yasiguse sakafu wala ukuta. Kupiga lipu au rangi juu ya ukuta uliolowa hakusaidii. Maji hubaki ndani na lipu hubanduka.

Pima na nafaka

Banda kavu haliwezi kuokoa mahindi mabichi. Tia mahindi na vijiko vichache vya chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, tikisa vizuri, kisha subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15; yarudishwe juani juu ya turubai. Kiwango salama cha kuhifadhi ni asilimia 13 hadi 13.5.

Nafaka iliyoota kuvu isiliwe, isiuzwe, wala isipewe kuku au ng'ombe. Mwenye shaka amwone Afisa Ugani au Afisa Afya wa kata yake kabla gunia halijafika jikoni.