Dhahabu haipati kutu: mbona sarafu ina madoa?

Mfanyakazi, pengine babu yako alikuachia sarafu ya dhahabu, ile ya franka 20 yenye kichwa cha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Siku moja unafungua kisanduku, unaona doa jekundu, na upande mmoja umekuwa na rangi ya moshi. Bibi anauliza: «Kumbe si dhahabu ya kweli?» Kabla ya kugombana, na kabla ya kutafuta asidi, someni pamoja somo hili mpaka mwisho.

1. Doa linatoka wapi?

Dhahabu tupu haipati kutu. Hewa, maji na jasho haviiwezi. Lakini ni laini mno. Sarafu ya dhahabu tupu ingelika upesi mikononi mwa watu. Kwa hiyo mafundi wanaichanganya na shaba. Sarafu ile ya franka 20 ina uzito wa gramu 6,45: katika sehemu 10, sehemu 9 ni dhahabu na 1 ni shaba. Krugerrand ya Afrika ya Kusini, iliyoanza kutolewa mwaka 1967, ina sehemu 11 za dhahabu na 1 ya shaba. Ndiyo sababu ni nyekundu kidogo.

Na shaba, sisi tunaijua. Ikiwa mpya inang'aa. Iache nje, inakuwa kahawia, halafu nyeusi au kijani. Shaba iliyo juu ya uso wa sarafu inafanya vilevile. Hewa na unyevu vinaipa wekundu. Salfa inaipa weusi. Salfa hiyo inatoka katika moshi, mpira, vichwa vya viberiti na makaratasi mengine. Tena, ikiwa shaba haikuchanganyika vema wakati wa kuyeyusha, mahali ilipojikusanya ndipo doa linatokea.

Basi doa si alama ya udanganyifu. Ni utando mwembamba sana wa shaba iliyobadilika. Dhahabu iko palepale.

2. Hatari iko wapi?

Haiko katika doa. Iko katika «dawa» ya kuliondoa.

Asidi. Asidi ya nitriki ikila shaba inatoa moshi wa kahawia. Anayeuvuta anakohoa kidogo, kisha anajisikia vizuri, anakula, analala. Saa nyingi baadaye mapafu yanajaa maji. Aliyevuta moshi ule apelekwe kwa mganga siku ileile, hata akisema «sina kitu».

Zebaki, wengine wanaiita merkure. Ikiwa sarafu au pete imegeuka nyeupe kama fedha baada ya kugusa zebaki, usiitie motoni! Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki. Unaharibu mapafu, ubongo na mafigo, unatetemesha mikono, unamdhuru mtoto aliye tumboni mwa mama. Mtu mmoja akichoma jikoni, jamaa yote inavuta. Itie sarafu hiyo ndani ya chupa yenye kifuniko, mbali na watoto, uje kuuliza dispansere.

3. Ufanye nini?

— Osha sarafu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, suuza, kausha kwa kitambaa laini bila kusugua.
— Usitumie mchanga, majivu wala burashi: utakwangua dhahabu yenyewe, na mnunuzi atapunguza bei.
— Doa likibaki, liache.
— Weka sarafu mahali pakavu. Usiifunge kwa mpira, wala usiiweke pamoja na viberiti.
— Usilete nyumbani asidi ya kazini, hata chupa ndogo. Mtoto mwenye kiu hasomi alama ya chupa.

Sarafu yenye doa ingali na dhahabu yake yote. Lakini pafu lililoungua, hakuna fundi wa kulifua upya.