Kikapu na Mfuko: Somo juu ya Jiko Letu

(Somo hili lisomwe kwa sauti nyumbani, jioni, mbele ya baba, mama na watoto.)

I. JAMBO TUNALOLIONA



Mtu akishuka toka milima ya Fizi siku ya soko, akafika Baraka kando ya ziwa, ataona mambo mawili. La kwanza lafurahisha: mitumbwi imerudi toka Ghuba ya Burton, ndagala wameanikwa, mafuta ya mawese yang'aa katika chupa, unga wa muhogo umepangwa kwa mafungu. La pili lahuzunisha: chini ya meza za wauzaji, katika mitaro, na pale mchangani yafikapo mawimbi, imetapakaa mifuko ya plastiki, myeusi na myeupe, pamoja na vifuko vidogo vya mafuta, vya chumvi na vya maji ya kunywa. Sisi twaiita sashe.

Mifuko hiyo haikuanguka toka mawinguni. Ilitoka mikononi mwetu, na mingi ilipitia jikoni kwanza. Mama anunua ndagala, wanatiwa mfukoni. Anunua sombe iliyokwisha kutwangwa, inatiwa mfukoni. Anunua chumvi ya kutosha siku moja, nayo ina kifuko chake. Chakula chaliwa usiku huo huo, na mfuko watupwa nyuma ya nyumba. Ulifanya kazi kwa muda wa mwendo wa soko hadi nyumbani tu.

Tuhesabu pamoja, kama watoto wa shule. Tuseme nyumba moja yatupa mifuko 3 kila siku. Kwa juma moja ni mifuko 21. Kwa mwaka mmoja ni mifuko 1,095. Kijiji kikiwa na nyumba 200, mwaka ukiisha kimetupa mifuko 219,000. Nani ataiokota?

II. PLASTIKI NI KITU GANI?

Yatupasa kukijua kitu kabla ya kukihukumu. Plastiki ya mifuko yetu hufanywa viwandani kwa mafuta ya petroli na gesi zitokazo chini ya ardhi. Aina itumiwayo zaidi kwa mifuko ilivumbuliwa Uingereza mwaka 1933. Na mfuko mwepesi wenye mikono, ule ambao kila muuzaji anao leo, ulipewa hati ya uvumbuzi mwaka 1965 kwa kampuni moja ya Sweden. Basi nyanya zetu waliopika kabla ya mwaka huo walilisha nyumba kubwa, wakapokea wageni, wakafanya karamu za arusi, nao hawakuujua mfuko huo.

Jani la mgomba likitupwa shambani huoza, likawa udongo, na udongo huo huotesha mgomba mwingine. Mfuko wa plastiki hauozi namna hiyo. Jua na mawimbi huukatakata vipande vidogo, na vipande hivyo huwa vidogo zaidi, hata jicho lisiweze kuviona. Lakini ni plastiki daima. Samaki huvimeza. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza habari za samaki walionunuliwa soko la Mwanza, katika Ziwa Viktoria: walipowapasua sangara na sato, katika kila samaki watano walimkuta mmoja mwenye plastiki tumboni.

III. MADHARA MANNE

1. Ziwa lachafuka. Ziwa Tanganyika ni letu pamoja na ndugu zetu wa Burundi, Tanzania na Zambia. Urefu wake ni kilometa 670 hivi, na kina chake chapita meta 1,400. Maji yake hutoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, penye mji wa Kalemie, tena hutoka polepole sana. Kitu kitupwacho Baraka leo hakiendi mbali. Chabaki kwa wajukuu wetu. Twajua pia jinsi samaki walivyopungua. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa miezi 3, toka 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Nyumba nyingi za wavuvi zilikaza mkanda. Je, inafaa kumpumzisha samaki miezi mitatu, kisha kumlisha plastiki miezi yote?

Tazameni pia habari za kaskazini. Mto Ruzizi hutoka Ziwa Kivu, huanzia Bukavu, ukaja kuingia ziwa letu karibu na Uvira. Taka za Bukavu huteremshwa na mvua milimani hadi ziwani, zikaelea mpaka penye bwawa la umeme la Ruzizi. Huko hukusanyika kama zulia nene, zikaziba njia ya maji, mitambo ikasimama, na mji ukakaa gizani. Mtu aliyetupa chupa moja mtaroni hakudhani kwamba anazima taa ya jirani yake.

2. Moshi wadhuru. Akina mama wengi huwasha makala kwa kipande cha mfuko, kwa kuwa hushika moto upesi. Desturi hii haifai. Moshi wa plastiki una sumu; huumiza macho na mapafu. Na ni nani aliye karibu na jiko kuliko wote? Ni mama mwenyewe, na mtoto aliye mgongoni pake. Vilevile wengine hufunika chungu cha maharage au ndizi kwa mfuko ili mvuke usitoke. Joto huilainisha plastiki, na vitu vilivyomo ndani yake huweza kuingia katika chakula.

3. Mifugo yafa. Mbuzi huona mfuko ulionuka chumvi au samaki, akaula. Mfuko hausagiki tumboni. Hujikunja na kufunga njia. Mbuzi huvimba, hukonda, mwishowe hufa. Wangapi miongoni mwetu walimtegemea mbuzi mmoja kwa karo ya mtoto?

4. Mitaro yaziba. Mvua kubwa ikinyesha, maji hutafuta njia. Yakikuta mtaro umejaa mifuko, huingia nyumbani. Pengine huchukua uchafu wa vyoo na kuufikisha visimani. Nasi wa Fizi na Baraka twaijua kipindupindu, haituhitaji mwalimu.

IV. JE, PLASTIKI YOTE NI MBAYA?

Mwanafunzi mmoja atauliza: "Mwalimu, hata dumu langu la maji ni plastiki. Nilitupe?"

La, usilitupe. Dumu lenye mdomo mwembamba na kifuniko hulinda maji yasiingizwe mikono michafu, tena hudumu miaka. Wengi waliokimbia vita walibeba mtoto, mkeka na dumu, na dumu hilo liliwafaa. Hata chupa ya maji yaweza kusaidia. Chupa angavu, isiyozidi lita 2, iliyosafishwa vema, ikijazwa maji yasiyo na tope na kulazwa juani saa 6, au siku 2 kama kuna mawingu, jua huviua vijidudu vingi vya ugonjwa. Chupa ikikwaruzika sana itafutwe nyingine.

Basi tupambanue: kitu kitumiwacho miaka ni chombo, kitumiwacho saa moja na kutupwa ni taka tuliyoinunua kwa fedha zetu. Somo letu lahusu hicho cha pili.

V. SHERIA YASEMAJE?

Katika Kongo yetu, amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kufanya, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na vifuko vya plastiki vya kufungia vyakula, maji na vinywaji. Rwanda ilikwisha kukataza mifuko mwaka 2008, na Tanzania bara ilifuata tarehe 1 Juni 2019. Lakini sote twaona kwamba sokoni kwetu mifuko ilizidi kuuzwa hata baada ya amri hiyo. Sheria bila desturi njema ni kama mlango usio na nyumba. Desturi hiyo yaweza kuanza jikoni, bila kumngoja askari.

VI. MAMBO YA KUFANYA

Kwanza: Kikapu kitoke nyumbani pamoja na mama. Kitundikwe karibu na mlango, kisisahauliwe. Ndani yake awekwe kopo lenye kifuniko kwa ndagala na sombe, kitambaa safi kwa unga, na chupa kwa mafuta. Muuzaji apimapo kwa kopo lake, na amimine katika chombo chako.

Pili: Tumia majani. Nyama, samaki wabichi na ndizi zilizoiva hufungwa vizuri kwa jani la mgomba lililopashwa moto kidogo ili lisipasuke. Magharibi ya nchi yetu mkate wa muhogo uitwao chikwangue hufungwa kwa majani hata leo, hukaa siku kadhaa bila kuharibika, na wasafiri huuchukua safarini.

Tatu: Chungu kifunikwe kwa kifuniko, kwa sahani au kwa majani ya mgomba. Ladha itabaki, na sumu haitaingia.

Nne: Moto uwashwe kwa majani makavu, maganda ya mahindi au vijiti vyembamba vilivyokaushwa. Ni kazi ya dakika chache zaidi, lakini mtoto hatakohoa sumu.

Tano: Mfuko uliokwisha kuingia nyumbani usitoke upesi. Uoshwe, uanikwe, utumiwe tena mpaka utoboke. Uliotoboka waweza kujazwa udongo na kuoteshewa mche wa mchikichi au wa mti wa matunda. Siku ya kupanda, mfuko uondolewe. Usizikwe pamoja na mche.

Sita: Kisichofaa tena kisichomwe jikoni, kisitupwe ziwani wala shambani. Kiwekwe katika shimo la taka, mbali na kisima na mbali na mto, lenye ua ili mbuzi wasifike. Maganda ya muhogo na mabaki ya mboga yasitiwe humo. Hayo ni chakula cha shamba.

VII. NENO LA MASKINI

Mama mmoja atasema: "Maneno yako ni mazuri, Mwalimu, lakini mimi hununua mafuta ya kifuko kwa kuwa sina fedha za chupa nzima. Leo nimepata, leo nakula."

Mama, hukusema vibaya. Kununua kidogo si uvivu wala si aibu. Ndiyo hali ya wengi. Lakini fikiri jambo hili. Muuzaji apimaye mafuta kwa vifuko aweza pia kukupimia kiasi kile kile katika kichupa chako. Tena anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi, kwani bei ya kila kifuko imo ndani ya bei ya mafuta. Akina mama wa likelemba wajua nguvu ya kuunganisha fedha. Basi akina mama watano wakichanga, wakanunua dumu moja la mafuta ya mawese, wakaligawa kwa kopo mbele ya macho ya wote, kila mmoja atapeleka nyumbani mafuta mengi zaidi, na hakuna kifuko hata kimoja kitakachotupwa. Wachague mwaminifu mmoja wa kupima, na aliyepima achukue fungu la mwisho. Hivyo hapatakuwa na manung'uniko.

VIII. TUJIFUNZE NINI?

Mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliwaandikia watu wote barua iitwayo Laudato Si' juu ya kutunza dunia, iliyo nyumba yetu sote. Katika mambo madogo aliyoyasifu humo, alitaja kupunguza plastiki na kupika chakula kiwezacho kuliwa tu. Hakuona haya kusema habari za jikoni.

Nanyi mnajua habari ya watu elfu tano waliolishwa kwa mikate mitano na samaki wawili kando ya ziwa. Walipokwisha kushiba, Bwana Yesu aliwaagiza wanafunzi waokote mabaki, kisipotee kitu. Yakajaa vikapu kumi na viwili. Yeye aliyeweza kuzidisha mikate hakukubali makombo yaachwe majanini. Sisi tusioweza kuzidisha hata ndagala mmoja, tutaachaje taka ufuoni?

MASWALI YA KUJIBU

1. Kwa nini jani la mgomba huwa udongo, na mfuko wa plastiki hauwi?
2. Taka za Bukavu zafikaje penye bwawa la Ruzizi, nazo huleta hasara gani?
3. Ni nani aumizwaye kwanza na moshi wa plastiki nyumbani mwako?
4. Taja tofauti ya dumu la maji na kifuko cha chumvi.

KAZI YA JUMA HILI

Kila nyumba itundike kikapu kitupu ukutani jikoni. Kila mfuko na kifuko kiingiacho nyumbani kwa siku saba kitiwe humo, kisitupwe. Siku ya nane watoto wavihesabu kwa sauti mbele ya wazazi. Kisha baba na mama washauriane: katika hivi vyote, ni vipi ambavyo chombo chetu wenyewe kingeweza kuchukua mahali pake? Waanze na kimoja. Juma lijalo wahesabu tena, na hesabu hiyo wailete katika mafundisho.